Mkono Mzima

Jumatatu, 12 Oktoba 1998

Mvua tangu alfajiri. Soko zima la Shahe maji, wauzaji wamekunja suruali mpaka magotini. Nimefunga mabelo sita ya jinzi. Manne nimeyashona mwenyewe, mawili nimemwachia kibarua wa hapa, nikamwambia Ndinda nakwenda kunywa chai. Chai gani! Bega lilikuwa linawaka. Nilisimama kwenye ngazi ya nyuma nimelikumbatia kama mtoto mchanga.

Ndinda ndiye tajiri wangu. Mkamba, jirani yangu Kisauni, ana vibanda viwili soko la Kongowea, na hii ni safari yake ya tatu Guangzhou. Alinichukua nimfungie mizigo. Alisema, "Khatib, wewe una mikono ya nguvu, na hujui kuiba." La pili ni kweli.

Daftari hili nimelinunua leo, hapo chini ya ngazi. Sijapata kuandika shajara. Zamani nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mama Halima alinisikiliza miaka tisa, kisha akachoka, akarudi kwao Vanga na mtoto. Simlaumu. Mume anashinda uwanjani kila Jumamosi na Jumapili — na hata si mpira wa miguu!

Besiboli. Basi, nimeandika. Nilikuwa mrushaji wa besiboli miaka kumi na minane, tangu 1979 hadi mwaka jana. Naona haya kidogo kuliandika, maana kwetu ukitaja besiboli mtu anauliza ndiyo nini, ukimweleza anacheka: ala, si raunda hiyo? Si mchezo wa wasichana wa shule? Nimeitwa Bwana Raunda sokoni, msikitini, hata siku ya harusi yangu. Wazee wa Kisauni walikuwa wakipita kando ya uwanja, wanatikisa vichwa. Wanaume wazima wacheza raunda!

Alinifundisha Mjapani, Bwana Mori, fundi kwenye daraja jipya la Nyali. Alitukuta vijana tunalenga makopo kwa mawe. Akanitoa mimi kwenye kundi. Kiswahili hana, Kijapani sina. Alinishika kiwiko, akakipandisha juu ya sikio, akakiachia. Ndiyo shule yote niliyosoma. Alipoondoka alituachia glavu kumi na moja na magongo mawili, na kwa hayo tukaunda ligi ya timu nne: Kisauni, Likoni, Tudor, Changamwe. Kombe letu fundi wa gereji alilichomelea kutoka bomba la moshi la lori.

Hata maneno tuliyabuni wenyewe. Tuta, anaposimama mrushaji. Sahani, anaposimama mpigaji. Zamu, timu inapiga mpaka watatu wao watoke. Nani anayajua maneno hayo leo? Watu arubaini pengine. Tukifa sisi, nayo yamekufa.

Mvua haijakata.

Alhamisi, 15 Oktoba

Leo limetokea jambo. Napaswa kufurahi.

Tulikwenda Xintang kwenye kiwanda cha jinzi. Ndinda alikuwa ofisini akibishana na laoban juu ya zipu. (Laoban — ndivyo wanavyomwita tajiri, bosi. Huyu ni Lin, katoka Taiwan, mfupi, kofia haimtoki kichwani.) Mimi nikabaki uani, nakagua maturubali.

Nikasikia mlio. Pa! Kimya. Pa! Nywele zilinisimama. Ule mlio siwezi kuukosea hata nikiwa kaburini: mpira wa ngozi unaingia glavuni. Nikazunguka stoo ya vitambaa na hao hapo, vijana wa mashine na makarani, wamevaa glavu, wanarushiana. Uwanja kamili! Tuta la udongo mwekundu, sahani nyeupe, mistari ya chokaa. Nilidhani nitalia. Miaka kumi na minane tulicheza juu ya mawe na mavi ya mbuzi, na hawa wana uwanja nyuma ya stoo.

Mpira ukawatoroka, ukabingiria mpaka kwenye kiatu changu.

Ningeweza kuusukuma kwa mguu. Ningeweza kuwapelekea kwa adabu. Nikaurusha! Sikufikiri. Niliutoa kwa chini, ubavuni, kiwiko hakikupanda — lakini ulikwenda. Ulipinda ukaingia glavuni kwa yule wa sahani bila yeye kusogeza mkono hata inchi. Wote wakageuka.

Na mimi nikageukia ukuta, nikauma meno. Machozi yalikuwa ya bega, wao wakadhani ni furaha. Labda yalikuwa yote mawili.

Laoban alitoka ofisini mbio, Ndinda nyuma yake. Kwa Kiingereza chake cha kiwandani alitaka kujua nilicheza wapi, miaka mingapi, kama ni toushou. Mrushaji wao huitwa hivyo, toushou. Nikamwambia ndiyo. Akanipiga begani — la kulia! — nikatabasamu.

Mambo yenyewe ni haya. Matajiri wa Taiwan wenye viwanda huku wana ligi yao ya Jumapili. Mrushaji wa Lin amerudi kwao. Tarehe mosi Novemba wanacheza na kiwanda cha ng'ambo ya mto, ambacho kimewafunga miaka minne mfululizo. Ananitaka mimi. Nikifaa siku hiyo, nibaki mpaka mwaka mpya wa Kichina, nirushe na nifundishe vijana. Chumba bwenini, karatasi za kukaa nchini atashughulikia yeye. Ila kwanza nilete cheti cha hospitali. Mrushaji wa kabla ya huyo alikuja na mkono mbovu, akaanguka mechi ya pili, laoban akaaibika mbele ya wenzake wote. Hataki tena. Alijigonga mkono kuanzia bega mpaka kidole, akasema: hospitali, karatasi, muhuri.

Ndinda alinikumbatia njiani. "Wewe Khatib! Yaani hiyo raunda yako imekuwa kitu? Woi, Mungu hasahau mtu!"

Nilikuwa nimeushika mkono kwa mkono.

Jumamosi, 17 Oktoba

Ndinda amepiga simu Mombasa. Kongowea wote wanajua. Kisauni wote wanajua. Fundi wa gereji anajua. Eti hata Halima wangu kaambiwa, baba yako amechukuliwa na timu ya Uchina. Ana miaka kumi na tano. Ndinda anasema mtoto aliuliza mara mbili: babangu mimi?

Nilitaka kumkaripia Ndinda, nikashindwa. Hakujua. Hakuna anayejua.

Mwaka jana mwezi wa Juni, mechi na Likoni, zamu ya sita, bega lilitoa sauti. Nilimaliza mechi. Daktari Mombasa alinionyesha kwa penseli: "Mshipa umebaki uzi, bwana. Usinyanyue mkono ukapita sikio. Ukikatika huu, hata shati utavalishwa." Nikamshukuru, nikaenda nyumbani, nikawaambia wenzangu nimestaafu kwa sababu ya umri. Umri ni sababu ya heshima.

Kwa nini basi sikumwambia laoban hapana? Neno moja tu. Hapa Guangzhou kila duka wanakwambia mei you, hakuna, na jua linachwea vilevile. Mei you, bwana Lin. Bega mei you. Sikuweza.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimefanya kosa. Au kosa limefanyika nami nimelikalia kimya. Sijui kama kuna tofauti.

Ndinda alimpigia Felisia, yule binti wa Moshi anayesomea ujenzi wa barabara hapa. Siku asizo na masomo huwatafsiria wafanyabiashara. Laoban Lin ndiye anayempa kazi nyingi. Ndinda alimwambia hivi, nilikuwa nimesimama pale pale: mpeleke Khatib hospitali wampime mkono, wampe karatasi.

Felisia alikuja saa mbili na nusu, mwavuli wa maua, daftari kwapani. "Shikamoo kaka. Pole na mkono." Mtoto mwenye adabu. Nikaitikia marahaba.

Foleni ndefu. Watu walinitazama kama kawaida, bibi mmoja akanigusa ngozi. Dirishani Felisia akamwambia muuguzi kwa Kichina, nami nikasikia neno moja ninalolijua, maana wauza glavu za kazi hulitamka kutwa: shou. Shou ni kiganja. Ni mkono huu wa kushikia kijiko, unaishia hapa kwenye kifundo. Huo mwingine wote, mpaka begani, wana majina mengine.

Sisi tunasema mkono. Mkono ni kidole, mkono ni kiwiko, mkono ni bega likiuma. Kwetu mtoto akianguka anasema nimeumia mkono, na mama ndiye anayetafuta ni wapi. Felisia hakutafuta. Aliambiwa mkono, akasema shou.

Wakaniingiza chumba cha picha. Yule fundi alinikunjua vidole kimoja kimoja juu ya sahani baridi, kiganja chini, kama anayetaka kunipaka hina. Nikaona. Nilijua pale pale! Felisia alikuwa mlangoni, hatua tatu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, dada, si hapa, ni juu. Maneno matano. Nikatandaza vidole vizuri zaidi ili picha isitikisike.

Baada ya saa moja karatasi ikatoka, muhuri mwekundu mkubwa. Felisia akanisomea akitafsiri, anatabasamu: "Mifupa yote safi. Hakuna uvimbe, hakuna ufa. Wameandika mkono wa kulia ni mzima, kaka. Mzima kabisa!"

Mkono mzima. Nikasema alhamdulillahi. Mungu anisamehe kwa kulitumia neno lake hapo.

Ndinda aliruka pale Shahe, akawaambia hata wauza soksi, mkono mzima, mkono mzima, hawaelewi, wakacheka naye. Jioni ikapigwa simu Xintang. Laoban kasema Jumapili nije mazoezini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama alikuwa akitusemea hivyo tulipoficha malaria ili twende tukacheze.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimeswali Ijumaa msikiti wa mnara. Nilikaa safu ya mwisho, kama nilivyozoea mwaka mzima huu. Sababu ni takbira. Imamu akisema Allahu Akbar wote wanainua mikono miwili mpaka masikioni, na wangu mmoja unafika, mwingine unaishia kifuani. Nikiwa mbele watu wataona. Kwa hiyo nyuma. Mwenyezi Mungu anaona, lakini Yeye hanipangii kazi Jumapili.

Niliomba nini? Sikuomba bega lipone. Nina akili zangu. Niliomba zamu saba. Zamu saba tu za tarehe mosi, kisha achukue.

Halafu nikajiuliza, zamu saba za nini? Miaka kumi na minane imenipa nini? Hakuna gazeti lililowahi kuandika jina langu isipokuwa mara moja, na waliandika Hatibu, mchezaji wa hoki. Hakuna picha. Kombe la bomba la moshi lilishika kutu, mke wa fundi alipanda mrehani ndani yake. Wenzangu wa timu: wawili wamekufa, mmoja yuko Saudia anaendesha trela, waliobaki wanapita mbali wakiniona wasije wakaombwa kucheza.

Na Kampala. Kampala 1991 ndiyo mara pekee tuliyotoka nje ya nchi. Fainali, zamu ya mwisho, tunaongoza kwa moja. Nilikuwa nimechoka, mkono umekuwa mzito kama mchi. Nahodha akaja kwenye tuta, akaniambia nipe mpira, nimwachie yule mrushaji wa Tudor. Nikakataa. Nikaushika mpira kwa mikono miwili kifuani! Akaona aibu mbele ya watu, akarudi. Mirusho miwili tu baadaye mpira ukamponyoka mdakaji wetu nyuma ya sahani, wakaingia wawili. Tulirudi Mombasa kwa basi, saa ishirini, hakuna aliyenisemesha.

Nimekuwa nikijidanganya kwamba tulishindwa kwa bahati mbaya. Si bahati. Mimi sijui kutoa mpira. Bwana Mori alinifundisha kuurusha, hakunifundisha hilo. Au alidhani mtu mzima analijua.

Nimechoka kuandika. Kiganja hakiumi hata kidogo.

Jumapili, 25 Oktoba

Mazoezi. Nimewadanganya watu ishirini kwa saa tatu.

Muda wote nimerusha kwa chini, ubavuni. Nikawaambia ni mtindo wa Mombasa. Laoban akafurahi, eti wapigaji wa ng'ambo hawajauona. Mpira unatoka polepole lakini unapinda. Vijana wakawa wanapiga hewa, wanacheka wenyewe. Mmoja akaniletea maji kwa mikono miwili, akainama. Nimeitwa mwalimu kwa Kichina! Kwa dakika kama kumi nilisahau kila kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, jua la Kisauni, mpira mpya. Kisha nikainua kiwiko kidogo tu, kuwaonyesha, na bega likanikumbusha umri wangu.

Laoban aliitazama karatasi kwa muda wa kupepesa jicho. Akaona muhuri, akaikunja, akatia mfukoni. Picha yenyewe akamrudishia Felisia, aliyekuja kututafsiria, kwenye bahasha.

Felisia ndiye aliyegundua. Tulikuwa kwenye chumba cha nguo, vijana wametoka. Misumari ya kutundikia iko juu. Nikajaribu kutundika jaketi kwa kulia, ikashindikana, nikabadilisha kushoto. Nikageuka, yuko mlangoni, bahasha mkononi. Akaitoa ile picha, akaielekeza dirishani. Vidole vitano.

"Kaka Khatib," akasema, "mliposema mkono... mlikuwa na maana mkono gani?"

"Mkono si mkono, dada."

"Jamani! Kwa hiyo ni bega? Tangu mwanzo ni bega?" Akakaa kwenye benchi. "Mimi ndiye niliyesema shou. Mimi nilikosea. Twende kesho, nitawaeleza, wapige tena. Sitalala na jambo hili."

Nikamwambia bega halina kitu, ni uchovu wa mabelo. Akaniangalia. Akaniambia laoban akijua atasema mtafsiri ndiye aliyemletea mtu mbovu. Kazi zake zote za Xintang zinatoka kwa yule mzee, na ada ya dada yake Moshi inatoka kwenye kazi hizo. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayehesabu matofali. Halafu: "Lakini bora nikose kazi kuliko wewe ukose mkono."

Binti wa miaka ishirini na nne ananifundisha mimi!

Nikaapa. Nimeandika hapa ili nisiweze kukana: nilimwapia kwa Mungu kwamba bega ni zima. Akaamini. Au alitaka kuamini. Akanisaidia kuvaa jaketi.

Jumatano, 28 Oktoba

Ndinda anaondoka Jumamosi na tikiti yangu ameirudisha. Nilikuwa nimesimama kaunta. Yule dada wa shirika la ndege aliuliza mara mbili kama tuna hakika. Ndinda akajibu haraka kuliko mimi: sana!

Visa yangu inakwisha tarehe nne. Maji ukiyavulia nguo, yaoge.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimemsindikiza Ndinda uwanja wa ndege. Walimkagua upesi. Ningekuwa mimi, na jina langu, na pasipoti ya Kenya baada ya bomu la Agosti pale Nairobi, wangenifungua mpaka soli.

Alilia kidogo. Amenipa chupa ya pilipili, blanketi, na maneno ya Halima aliyoyanakili kwenye kijikaratasi ili asisahau hata moja: Baba, nimewaambia wasichana wa shule kwamba si raunda. Wanauliza ni nini. Ukirudi uje utuonyeshe.

Nilikisoma nikiwa nimesimama pale wanapopita watu na mizigo. Mtu akanisukuma, bega la kulia, nikapiga kelele mpaka askari akatazama. Ndinda alikuwa keshaingia ndani. Shukuru Mungu hakusikia.

Nilitaka kumfuata. Niandike ukweli. Nilipiga hatua mbili tatu, nikakumbuka sina tikiti.

Jumapili, 1 Novemba

Naandika nikiwa benchini. Daftari nililitia kwenye mfuko wa suruali ya timu. Zamu ya nne imekwisha, sasa wetu wanapiga. Tunaongoza mbili kwa moja.

Mvua ilinyesha jana, uwanja una tope. Watu mia tatu, bwenini wametoka wote, ngoma, bendera. Matajiri wamekaa upande wa pili chini ya turubali, wanavuta sigara. Laoban Lin hakai.

Zamu ya kwanza, ya pili, safi. Chini, ubavuni, unapinda. Wapigaji wao waling'aka! Mmoja alizunguka na gongo mpaka akaanguka. Sijapata kushangiliwa namna ile, miaka kumi na minane yote sijapata. Toushou! Toushou! Nilitamani Halima aone. Nilitamani wale wazee waliokuwa wakitikisa vichwa waone.

Ya tatu wakaanza kuuzoea. Wakaingiza mmoja.

Ya nne, wawili wametoka, mmoja yuko kituo cha tatu, na mpigaji wao mkubwa anakuja, shingo kama pipa. Nilijua wa chini ataupiga. Lilikuwa limebaki kosa moja atoke. Nikapandisha kiwiko juu ya sikio.

Mpira ulipita kama zamani. Kama zamani kabisa, wallahi, hata hakuuona! Akatoka. Uwanja ukalipuka. Na humo ndani ya bega, sauti ndogo, uzi wa gunia ukikatika.

Nilitembea mwenyewe mpaka benchi. Nimekaa. Mkono nimeuweka juu ya paja na daftari chini yake. Kutoka kiwiko kushuka hakuna shida, vidole vinaandika, mwandiko huu hapa. Kutoka kiwiko kupanda, hakuna mtu. Nimejaribu kuuinua mara tatu. Hautoki kwenye paja.

Felisia kaja kukaa kando yangu. Leo kavaa viatu vya kisigino, eti ni siku kubwa. Alinitazama usoni, akatazama bega, likiwa limeshuka ndani ya fulana. Akasema polepole, "Kaka. Basi."

Nikasema zimebaki zamu tatu.

"Huwezi."

Nikasema nitarusha kwa kushoto. Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Kwa kushoto! Mtu mzima.

Akasema atakwenda kumwambia laoban sasa hivi, mbele ya wale matajiri wenzake, kwamba hospitali yeye ndiye aliyekosea. Aliambiwa mkono akasema kiganja, na mimi Kichina sijui, sikuelewa kitu. Ndivyo atakavyosema. Sikuelewa kitu.

Nikamwambia usiende. Akasema, "Sasa ataambiwa na nani?"

Amesimama.

Wetu wa pili katoka. Akitoka mmoja tena ni zamu yangu kurudi kwenye tuta. Mdakaji tayari ananifungia mpira kwenye glavu, ananichekea. Na bado nataka kwenda! Hilo ndilo baya kuliko yote. Mkono umekufa na bado naitaka ile hatua ya kupanda tuta, niwe juu, wanyamaze.

Felisia anakwenda. Amekata katikati ya tope, kisigino kimenasa, amesimama kukichomoa, anaendelea. Ana hatua kama thelathini mpaka kwenye turubali. Laoban hajamwona, anapiga makofi. Nikisimama sasa nitamtangulia. Miguu yangu haina ugonjwa wowote.

Hatua ishirini. Kisigino kimenasa tena.

Bado nimekaa. Bado naandika